Moja-Tatu ya Kizio Tano

Kwa miaka zaidi ya arobaini nimekuwa nikisimulia kwamba nilimchapa viboko viwili. Nimewaambia hivyo wanangu, nimewaambia walimu vijana niliowapokea kazini, na mwaka huu, tulipomzika Dada Skolastika mjini Kasulu, nikawaambia na waombolezaji tuliokuwa tumekaa nao chumbani mwa marehemu, sahani za wali na maharage mapajani. Nilikuwa nataka wajue Skolastika alikuwa mtu wa namna gani, na sijui njia ya kumweleza bila kupitia mwaka ule. Nilipofika kwenye viboko, mwanamke aliyekaa karibu na dirisha, mwenye mvi na miwani iliyofungwa uzi upande mmoja, aliweka kijiko chini. "Vitatu, mwalimu," akasema. "Cha tatu kilinipata kwenye kifundo kwa sababu nilikuwa nimeshaurudisha mkono." Akakunja mkono wa gauni lake akatuonyesha kifundo, ambacho hakikuwa na alama yoyote. Watu wakacheka kidogo, kwa heshima ya msiba. Mimi sikucheka. Mwanamke yule alikuwa Veronika Minani, mwalimu mstaafu wa hesabu, aliyekuja siku ile kutoka Kasanda, na katika maisha yangu yote sijawahi kumkuta amekosea namba. Basi niandike sawasawa, vilikuwa vitatu, na niandike na mengine ya mwaka ule kabla hayajaanza kupungua nayo.

Habari za nyumbani kwetu Kondoa nitaziacha. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza darasa la saba na kusomea ualimu kwa muda mfupi, na katika ngazi za walimu hapakuwa na aliyekuwa chini yangu. Barua ilisema Kasulu. Nilishuka treni Kigoma, nikapanda lori mpaka Kasulu, na lori jingine likanipeleka upande wa Kitanga, kwenye shule ambayo sitaitaja jina kwa sababu makosa nitakayoyasimulia ni yangu, si yake. Nilipewa chumba kimoja katika nusu ya nyumba ya walimu. Chumba cha pili kilikuwa cha Mwalimu Skolastika, mama wa Songea, Mkatoliki wa kusali rozari kila jioni, aliyenizidi miaka kumi na mitano. Nusu nyingine ya nyumba alikaa Mwalimu Mkuu na familia yake. Bati lilikuwa moja, na ukuta uliotutenganisha uliishia chini ya kenchi, haukufika juu. Kwa hiyo tulijua wanakula nini, mtoto gani ana kikohozi, na Mama Anjela, mke wa Mwalimu Mkuu, amekasirika kwa sababu ipi. Nao bila shaka walijua yetu. Siku ya kwanza Skolastika alinipikia ugali wa muhogo na maharage yaliyoungwa kwa mawese. Sikuwahi kuonja mawese. Nilikula nikiyaangalia yale mafuta mekundu kama mtu anayepewa dawa, naye akaniambia, "Mdogo wangu, kula. Hapa ukisubiri chakula cha kwenu utakufa njaa, na mimi sina nguvu za kukubeba." Baada ya mwezi nilikuwa siwezi kula maharage yasiyo na mawese. Na Ramadhani ilipofika, ni yeye, Mkatoliki, aliyekuwa akiniwekea uji wa futari juu ya figa, ameufunika kwa sahani, halafu anaondoka zake asinione nikiufakamia.

Jioni ya wiki yangu ya pili nilikuwa nimekaa kitandani nikishona kifungo, nikasikia upande wa pili Mwalimu Mkuu akimwambia mkewe, "Mwenye hesabu za darasa la saba amepata nafasi ya masomo, anaondoka Ijumaa. Nitampa yule mtoto wa Kondoa." Mama Anjela akauliza kama mtoto wa Kondoa anazijua hizo hesabu. "Hazijui," akasema Mwalimu Mkuu. "Lakini nani anazijua? Huyu angalau hana wa kumnyonyesha." Niliacha sindano katikati ya kitambaa. Nakumbuka hasira niliyokuwa nayo kuliko ninavyokumbuka hofu. Niliapa kimoyomoyo kwamba darasa lile halitaniona hata siku moja nikiwa sijui. Sasa naona kwamba kiapo kile ndicho kilichoniponza. Ningeapa kujifunza, mambo yangekwenda vingine. Mimi niliapa kutoonekana.

Hesabu zile zilikuwa na mlango wa vizio. Watoto wa siku hizi wengi hawakuuona, kwa hiyo nieleze kidogo. Katika kuhesabu kwetu kwa kawaida tunafunga vitu kumi-kumi. Ukiandika 13, ile 1 ni fungu moja la kumi, na ile 3 ni vilivyobaki nje ya fungu. Kizio tano maana yake unafunga tano-tano. Ukiandika 13 katika kizio tano, ile 1 ni fungu moja la tano na ile 3 ni vilivyobaki, jumla vitu vinane. Ndiyo maana husemi kumi na tatu, unasema moja-tatu. Hiyo ndiyo habari yote, na mtu akielezwa hivyo ataielewa kabla chai haijapoa. Mimi hakuna aliyenieleza. Kulikuwa na kitabu kimoja cha darasa, na kiongozi cha mwalimu kilikuwa kimepotea tangu zamani. Nilikariri jinsi ya kubadili namba kutoka kizio hiki kwenda kile, nikawa nafanya bila kukosea, kama mtu anayejua kufuata njia mpaka kisimani lakini hajui kijiji kimekaaje.

Alhamisi moja, mvua imenyesha asubuhi na darasa linanuka udongo na nguo mbichi, niliandika ubaoni namba tano za kizio tano: 11, 12, 13, 14 na 20. Nikawaambia wanafunzi waje kuzungushia namba shufwa, yaani zile zinazogawanyika kwa mbili bila kubaki kitu. Nilikuwa nimeona swali hilo halimo kitabuni, nikajisifu kwamba nimelitunga mwenyewe. Jibu nililijua: unatazama tarakimu ya mwisho. Inayoishia na mbili, nne au sifuri ni shufwa. Nikamwita Minani, msichana wa miaka kumi na mitano aliyekaa dawati la nyuma karibu na mlango, mrefu, mwenye sauti ya chini. Akaja, akaichukua chaki, akazungushia 11, akaruka 12, akazungushia 13, akaruka 14, akazungushia 20.

"Umekosea," nikasema. "Tazama mwisho wa namba. Moja-tatu inaishia na tatu. Tatu ni nini?"

"Tatu ni witiri, mwalimu."

"Basi futa."

Hakufuta. Aliiangalia ile 13, akaniangalia mimi, akasema kwa sauti ileile ya chini, "Hiyo ni mimi, mwalimu."

Darasa zima likaangua kicheko. Walicheka mpaka wakapiga madawati. Nami, mgeni nisiyejua Kiha hata neno la kuombea maji, nikaona mwanafunzi amenikejeli mbele ya watoto arobaini na wote wamemwelewa isipokuwa mimi. Nikachukua fimbo juu ya kabati. Nikamwambia anyooshe mkono. Akanyoosha bila kusita, macho hayakutoka ubaoni. Nilifuta zile duara zake mwenyewe kwa kiganja, nikazungushia 12, 14 na 20, na darasa likanakili.

Mchana ule Skolastika alikuwa nyuma ya nyumba akichambua maharage kwenye ungo. Nilikaa nikamsaidia, na kwa sababu nilikuwa bado nafoka ndani kwa ndani, nikamsimulia kisa cha msichana mwenye kiburi aliyesema namba ni yeye. Skolastika alikuwa amekaa Buha, nchi ya Waha, miaka minane. Alitoa changarawe, akaitupa, akasema, "Si anaitwa Minani?"

"Ndiyo."

"Minani ni mtoto wa nane. Huku wa saba wanamwita Nyandwi, wa nane Minani, wa tisa Nyabenda. Hiyo namba yako ilikuwa ngapi?"

Nilichukua maharage nane nikayaweka kwenye ukingo wa ungo. Nikafunga matano pamoja, yakabaki matatu. Moja-tatu. Kisha nikavunja lile fungu nikayapanga mawili-mawili: mawili, mawili, mawili, mawili. Hakuna lililobaki. Nikachukua saba, fungu moja na mbili, ile 12 niliyoizungushia kwa mkono wangu. Mawili, mawili, mawili, na moja peke yake. Nikachukua tisa. Moja peke yake. Kwa maharage hayo hapakuwa na cha kubishana. Nane haikuacha kuwa nane kwa sababu mimi nimeiandika kwa namna nyingine. Sheria ya kutazama mwisho wa namba ni sheria ya mafungu ya kumi, kwa kuwa kumi hugawanyika kwa mbili bila kuacha kitu nyuma. Mafungu ya tano huacha moja kila fungu, na ile moja inaharibu hesabu yote ya mwishoni. Nililiona hilo wazi kabisa, nimechuchumaa, mikono ina vumbi la maharage, na wakati huohuo nikauona mkono wa yule mtoto ulionyooshwa.

"Alikuwa sahihi," nikasema.

"Naona," akasema Skolastika. "Sasa utafanya nini?"

Nilichofanya Ijumaa naona haya kukiandika hata leo. Niliingia darasani, nikaandika zile namba tano upya, nikazungushia 11, 13 na 20, nikasema, "Jana tulikosea. Nakilini hivi." Kisha nikaendelea na somo jingine. Minani alikuwepo. Hakuandika. Jumatatu dawati lake lilikuwa tupu, Jumanne vilevile, na Jumatano baada ya kengele nilimfuata kwao. Mama yake alikuwa akianika mihogo kwenye mwamba. "Mwakeye," nikamsalimu kwa neno la Kiha nililokuwa nimejifunza siku ile kwa ajili hiyo, akaitikia, akanipa kigoda. Akaniambia Minani amekwenda Kibondo kwa mama yake mdogo mwenye mgahawa pale karibu na soko, atamsaidia jikoni. Nikauliza nani amemtuma. "Hakuna aliyemtuma," akasema mama. "Yeye mwenyewe amesema. Amesema shule imekwisha. Mimi nimshike kamba?" Mtihani wa kumaliza darasa la saba ulikuwa umebakiza miezi mitatu.

Jumamosi alfajiri nilidandia lori la maharage bila kuomba ruhusa, nikashukia Kasulu, nikapata jingine linalokwenda Kibondo. Wanaoijua barabara ile sasa ikiwa na lami hawawezi kuelewa. Nilifika alasiri, kope zimekuwa nyekundu kwa vumbi, nikaulizia mgahawa wa mama wa Kitanga. Ulikuwa chumba kimoja cha udongo chenye meza mbili na benchi, moshi unatoka mlango wa nyuma. Nikakaa. Minani akatoka na chai na ndizi za kuchemsha, akaziweka mbele yangu bila salamu, akarudi jikoni. Nilizila zote kwa sababu nilikuwa na njaa na kwa sababu sikujua pa kuanzia. Mama mdogo, mwanamke mnene mwenye maneno ya haraka, akaja kusimama mezani. "Weye ndiye mwalimu? Huyu mtoto hapa anakula na hapigwi. Anahesabu sahani kwa macho tu, anajua zipi hazijarudi. Unamtakia nini?"

"Nimekuja kumwambia alikuwa sahihi."

"Mwambie basi, yuko hapo."

Nilikwenda jikoni. Minani alikuwa ameinama anasugua sufuria kwa majivu. Nikamwambia, "Ulikuwa sahihi. Moja-tatu ni shufwa. Rudi shule, mtihani umekaribia."

Aliendelea kusugua. "Ijumaa ulisema tulikosea."

"Ndiyo."

"Mimi nilikosea wapi, mwalimu?"

Nilisema, "Hukukosea." Akauliza kama nimewaambia wenzake hivyo. Nikasema bado. Akasuuza sufuria, akaiinamisha, akajifuta mikono. "Oya," akasema, hapana. "Nitarudi ukishasema. Na usiseme darasani, maana walionicheka njiani ni wa madarasa yote. Sema mstarini. Useme jina langu. Nikisikia umesema, nitakuja."

Usiku ule nililala kwenye mkeka wa mama mdogo, na asubuhi alinifungia viazi vitamu vya njiani, akakataa malipo. Nilifika nyumbani Jumapili jua likizama. Mwalimu Mkuu alikuwa ananisubiri kwenye kibaraza upande wetu, amekaa kwenye kiti cha Skolastika. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amejenga shule ile kwa mikono, tofali kwa tofali, na wanakijiji, na aliamini kwamba inasimama kwa adabu kuliko kwa udongo. Aliniuliza nilikuwa wapi, nikamwambia yote, pamoja na nilichokusudia kufanya kesho yake. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu Rehema," akasema, "mwalimu akikosea ubaoni, hurekebisha ubaoni. Umesharekebisha. Ukisimama mstarini kumwomba radhi mtoto, Jumanne kila aliyechapwa shule hii atataka aombwe radhi. Sikuruhusu."

"Asiporudi atakosa mtihani, Mwalimu Mkuu."

"Wewe uko kwenye majaribio. Ripoti yako naiandika mimi. Unalijua hilo?"

"Nalijua."

Akainuka, akaenda zake. Tukiwa tunakula, Skolastika na mimi, tukamsikia kupitia juu ya ukuta akimweleza Mama Anjela. Mama Anjela akauliza, "Na huyo mtoto, jibu lake lilikuwa sawa?" Mwalimu Mkuu akasema ndiyo, lilikuwa sawa, lakini hilo silo jambo lenyewe. "Mimi naona ndilo lenyewe," akasema Mama Anjela, na baada ya hapo hatukusikia tena kitu isipokuwa vijiko. Skolastika alininong'oneza niongeze ugali, kesho nitahitaji sauti.

Asubuhi ilikuwa ya ukungu. Shule nzima imepanga mstari, wimbo umekwisha, usafi umekaguliwa, na Mwalimu wa Zamu akauliza kama kuna tangazo. Nikapiga hatua mbili mbele. Niliona Mwalimu Mkuu akigeuza uso kunitazama, na Skolastika, aliyekuwa nyuma ya darasa la kwanza, akitazama chini. Nilikuwa nimejiandaa maneno mengi na yote yakapotea, yakabaki machache. Nikasema, "Alhamisi ya wiki juzi nilimchapa Veronika Minani wa darasa la saba kwa sababu alisema 13 ya kizio tano ni namba shufwa. Alikuwa sahihi. Hakuna mwingine aliyekosea, nilikosea mimi peke yangu. Viboko vile vilikuwa vya bure, na naomba radhi kwake." Hakuna aliyecheka. Mtoto mmoja wa mbele alikuwa anajikuna ugoko kwa kidole cha mguu mwingine, akaacha. Nikarudi mahali pangu. Mwalimu Mkuu akakohoa. "Mmesikia," akasema. "Ingieni madarasani."

Ripoti aliiandika. Sikuthibitishwa kazini mwaka ule. Nilisubiri mwaka mwingine mzima, na nilipoulizwa na afisa elimu sababu, nilimweleza, akaandika kitu akafunga jalada. Wala nisidanganye kwamba niliitupa fimbo asubuhi ile kama watu wanavyopenda kusikia. Niliendelea kuitumia miaka miwili zaidi, kisha nikaiacha, na sikumbuki siku niliyoiacha. Lakini Jumanne hakuja mtoto yeyote kudai radhi, wala Jumatano. Alhamisi, saa nne, nikiwa nimegeukia ubao, nikasikia dawati la nyuma likivutwa. Kaka yake alikuwa amekwenda Kibondo na habari. Minani aliketi, akatoa daftari, akanakili lililokuwa ubaoni kama mtu aliyetoka kunywa maji.

Miezi ile mitatu ndiyo iliyonifanya mwalimu. Nilimwuliza, siku moja baada ya darasa kutawanyika, alijuaje haraka vile zipi ni shufwa. Alikuwa amehesabu mafungu kichwani kwa zote tano? Akasema hapana, alijumlisha tarakimu tu. "Moja na tatu ni nne, shufwa. Moja na mbili ni tatu, witiri. Mbili na sifuri ni mbili, shufwa. Inakuja sawa kila mara." Nikamwuliza kwa nini inakuja sawa. Akasema hajui, akaomba apewe mpaka Jumatatu. Jumatatu alinikuta kwenye kibaraza, hakutaka hata kukaa. "Kila tano ukiigawa mawili-mawili inaacha moja," akasema. "Mafungu mawili yanaacha mbili, matatu yanaacha tatu. Na fungu kubwa la ishirini na tano nalo linaacha moja. Kwa hiyo kila tarakimu inaacha vilevile ilivyo, mwalimu. Unakusanya masalia tu." Nilichukua kalamu nikajaribu kwa namba ndefu, mbili-moja-tatu-nne, yenye mafungu ya mia na ishirini na tano. Masalia kumi. Shufwa. Nikaibadili kuwa ya kawaida, ikatoka mia mbili tisini na nne. Shufwa. Tukatazamana, tukacheka kama wezi.

Kuanzia hapo hatukuacha. Tulijaribu kizio saba, ikafuata sheria ileile ya kujumlisha. Tulijaribu kizio nane, ikakataa, ikarudi kwenye kutazama mwisho, kwa kuwa nane haiachi kitu. Kisha siku moja, nikiwa nabandika chai, nikaelewa kwa nini namba ya kawaida ambayo tarakimu zake zikijumlishwa zinafika tisa hugawanyika kwa tisa, jambo nililokuwa nimelikariri utotoni: kumi ikigawanywa kwa tisa inaacha moja, na mia inaacha moja, na elfu inaacha moja. Masalia yaleyale ya Minani. Nilikimbia mpaka kwao kumwambia, nimeacha sufuria jikoni, na Skolastika akaiokoa ikiwa imekauka. Namba zilikuwa ni zilezile ambazo siku zote zilikuwa pale, na mtu angeziandika kwa kizio chochote zisingebadilika tabia. Kilichobadilika ni alama tunazozitambua nazo. Nilikuwa nimefundisha alama. Sasa nilikuwa naanza kuona namba.

Mtihani ulifanyika. Matokeo yalikuja mwezi wa kwanza, karatasi moja iliyobandikwa kwenye mlango wa ofisi ya kata. Siku zile nafasi za sekondari zilihesabika kwa vidole, na kutoka shule yetu alichaguliwa mmoja, mvulana, mwanafunzi mzuri asiye na hatia yoyote. Nilisoma karatasi ile mara tatu kutoka juu hadi chini kana kwamba jina lingeweza kujitokeza kwa kusomwa. Mwalimu Mkuu alikuwa amesimama kando yangu. Alisema, "Alipata hesabu zote. Nimeuliza. Ni masomo mengine, na nafasi." Alisema kwa upole, na ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ya mstari kuzungumza nami jambo lisilo la ratiba.

Nilikwenda mwenyewe kumwambia. Walikuwa wanakula, mama yake, wadogo zake wawili na yeye, ugali umewekwa kwenye ungo, na migebuka mikavu iliyopikwa kwa mawese. Walinisogezea nafasi nikanawa. Sikutaka kula kabla sijasema, nikasema. Mama yake akashusha pumzi, akatazama mlangoni. Minani alikata tonge, akalichovya, akala. Akala na la pili. Nilimsubiri alie, nami nilikuwa tayari kulia naye.

"Mwalimu," akasema, "vitabu vya kidato cha kwanza unavyo?"

"Sina."

"Vinapatikana wapi?"

Alitaka kujua mahali tu; la kama tutavitafuta hakuliuliza. Nikasema labda Kasulu, kwenye shule ya sekondari, naweza kuwaomba walimu. Akauliza lini. Nikasema Jumamosi. Mama yake akacheka kwa pua, akanisogezea samaki mkubwa zaidi.

Jumamosi nilikwenda, safari hii na ruhusa iliyoandikwa kwa mkono wa Mwalimu Mkuu, na nikarudi na vitabu vitatu vya kuazima, kimoja hakina jalada. Tulichukua miaka sita, tukisoma kwa posta na kwa kubahatisha, tukafanya mtihani wa kidato cha nne chumba kimoja kama watahiniwa wa kujitegemea, na katika hesabu alinizidi, kama alivyonizidi kila mara. Hayo ni ya miaka mingine. Mwaka ninaousimulia uliishia Jumapili ile alasiri, kwenye kibaraza cha nyumba ya walimu, Skolastika akisuka nywele za binti wa Mama Anjela pembeni yetu. Minani alifika na daftari jipya, akakaa, akafungua kitabu cha hesabu ukurasa wa kwanza. Kilikuwa cha Kiingereza chote. Herufi zilitumika mahali pa namba, na hakuna mstari hata mmoja nilioutambua. Alinitazama akisubiri.

"Sijui kilichomo humu," nikamwambia. "Sijawahi kukisoma."

"Ego," akasema, ndiyo, kana kwamba nimemtajia saa. Akavuta kiti chake karibu na changu ili kitabu kikae katikati yetu, akaweka kidole chini ya neno la kwanza. "Hili unalijua?"

Nikalijua hilo moja. Tukaanzia hapo.